Somo: Kupima wanga kwenye jani, hatua kwa hatua

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita, "Mbona jani langu halikugeuka rangi?" Naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Andaa jani la matembele, spiriti, sufuria, kikombe cha bati, sahani nyeupe na iodini ya vidonda. Iodini uizimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi.

1. Chuma jani saa tisa alasiri, lililopigwa na jua tangu asubuhi.

2. Litie kwenye maji yanayotokota, dakika moja.

3. Epua sufuria, zima jiko. Kama ni la mkaa, litoe nje kabisa.

4. Weka jani kwenye kikombe, mimina spiriti ilifunike, kisha simamisha kikombe ndani ya maji ya moto uliyoepua. Hapa ndipo nilipoharibu nikiwa kidato cha pili. Niliweka kikombe cha spiriti juu ya makaa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, spiriti kwenye 78 tu, na mvuke wake huwaka. Sikuona hata povu moja. Mvuke ulishuka pembeni, ukagusa makaa, moto ukanirukia mkononi. Mchana wa jua ule moto ni vigumu kuuona, nilijua kwa maumivu. Kovu ninalo hadi leo. Kwa hiyo: pasiwe na moto wowote karibu, wala mshumaa, wala sigara. Mtoto asifanye peke yake. Ikiwaka, funika kikombe kwa sahani, usikinyanyue kukimbia nacho. Maji yakipoa kabla jani halijapauka, chemsha mengine mbali, usirudishe kikombe jikoni.

5. Spiriti ikiwa ya kijani na jani limepauka, umbijani (ile rangi ya kijani ya jani) umetoka. Jani sasa linavunjika kirahisi. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu lilainike.

6. Litandaze kwenye sahani, dondoshea iodini. Bluu inayokaribia nyeusi, wanga upo. Kahawia, haupo.

MASWALI

– Mkuu, spiriti inakaa jikoni dakika ngapi?

Haikai jikoni. Soma hatua ya 4 yote kabla hujagusa kiberiti.

– Nimefuata kila kitu, limebaki kahawia. Somo lina kasoro.

Ulichuma saa ngapi?

– Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi.

Hatua ya 1 imesema saa tisa alasiri. Usiku hakuna jua, mmea unatumia wanga uliouweka mchana. Somo halina kasoro.

– Samahani mwalimu, nitajuaje kuwa ni jua lililoleta wanga na si kitu kingine?

Swali zuri sana hili. Chukua mmea wa kwenye kopo, uweke gizani siku mbili wanga uishe. Kisha ziba kipande cha jani kwa karatasi ya aluminiamu, juu na chini, bila kulichuma. Anika juani kwa muda wa saa sita, ndipo upime. Palipozibwa patabaki kahawia, pengine pote bluu. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alionyesha kwamba mmea hutoa hewa safi ukiwa kwenye mwanga tu, na ni sehemu zake za kijani zinazoitoa. Ukitaka kuona hilo la kijani, tafuta jani lenye mabaka meupe, yachore kabla ya kuchemsha, maana baadaye jani lote litakuwa limepauka.

– Chumvi yenye madini joto inafaa badala ya iodini?

Hapana. Iliyomo imeungana kwa namna nyingine, na ni kidogo mno.

– Mama muuza maziwa hapa kwetu anashukiwa kutia unga. Iodini itaonyesha?

Itaonyesha. Chemsha maziwa kidogo, yaache yapoe kabisa, ndipo utie tone. Yakiwa ya moto rangi haishiki. Lakini maji aliyoongeza hutayaona kwa njia hii.

– Mimi nimejaribu kwenye ndizi. Mbichi imekuwa nyeusi tii, mbivu imepata madoa tu.

Umeona! Wanga umegeuka sukari, ndiyo maana mbivu ni tamu. Kata moja kila siku tangu ikiwa mbichi, uzipange kwa siku, utuwekee picha hapa.