Ukihamia ugenini, zijue zana kabla hujazishika

Siku ya pili baada ya kuhamia Japani nilitoa pasi kwenye begi, nikaivisha adapta, nikachomeka. Taa yake ndogo ikawaka. Nikatandika shati mezani, nikasubiri. Dakika mbili baadaye pasi ilikuwa vuguvugu tu, naweza kuigusa kwa kiganja bila kushtuka. Nikaamini imeharibika safarini. Kumbe ilikuwa nzima kabisa. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 230, na umeme wa majumbani kule ni volti 100.

Mimi ni fundi wa mbao, nimefanya kazi katika nchi kadhaa, na kosa hili naliona kila mara kwa wageni wapya. Adapta hubadilisha umbo la pini. Haigusi umeme unaopita ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, pindua kila kifaa usome lebo yake. Ikiwa imeandikwa 100–240V na 50/60Hz (hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde), kifaa hicho kinafanya kazi karibu popote duniani; chaja nyingi za simu na kompyuta ni za namna hiyo, adapta inatosha. Ikiwa imeandikwa 220–240V peke yake, kifikirie mara mbili, hasa kama ni kifaa cha kutoa joto. Joto la pasi hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka: pasi ya wati 1,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiichomeka kwenye volti 100, inabaki na wati zisizofika 200. Kinyume chake ni hatari. Birika la volti 100 likichomekwa kwenye volti 230 hupokea nguvu zaidi ya mara tano ya ile lililoundiwa, nalo huungua hapohapo. Kuna transfoma za kubadilisha volti, ndiyo, lakini ya kubeba mzigo wa pasi ni nzito na ni ghali. Ushauri wangu ni mmoja: pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele viache, ununue huko huko uendako.

Japani ina jambo jingine la kuangalia. Upande wa mashariki, Tokyo ikiwemo, umeme ni wa 50Hz. Upande wa magharibi, Osaka ikiwemo, ni 60Hz. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani na Osaka ikanunua ya Kimarekani, na mgawanyiko huo upo mpaka leo. Ukinunua maikrowevu au mashine ya kufulia iliyotumika, tazama lebo kama inakubali 50Hz na 60Hz zote mbili, maana zipo za zamani zinazokubali upande mmoja tu.

Uingereza plagi ina fyuzi ndani yake. Kifaa kikizima ghafla, usikitupe: chomoa, fungua plagi kwa bisibisi, badilisha fyuzi. Weka ya kiwango kile kile. Ya ampea 3 ni ya vifaa vidogo kama taa ya mezani, ya ampea 13 ni ya vifaa vikubwa. Kuweka ya 13 mahali pa 3 ili "isiungue tena" ni kuondoa ulinzi wa waya. Soketi nyingi za kule nazo zina swichi yake, kwa hiyo hakikisha imewashwa kabla hujalalamika.

Sasa spana. Marekani boliti nyingi ni za inchi. Boliti yenye kichwa cha upana wa nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya milimita 13 inaiingia vizuri tu. Hapo ndipo inapodanganya. Ile nafasi ndogo ya milimita 0.3 inatosha kula pembe za boliti ukikaza kwa nguvu, na boliti iliyoviringika kichwa itakusumbua nusu siku. Spana ya 19 na boliti yenye kichwa cha robo tatu inchi zinashikana bila shida. Kwa saizi nyingine, nunua seti ya inchi.

Zana zina saa zake pia. Ujerumani, Jumapili na sikukuu ni siku za utulivu. Kutoboa ukuta kwa drili hairuhusiwi, na usiku kwa kawaida kimya huanza saa nne. Popote uendapo, uliza jirani kabla ya kupiga nyundo ya kwanza. Swali hilo limenifungulia milango mingi kuliko salamu.

Ndivyo nilivyompata mzee mmoja, jirani yangu kule Japani, aliyeniazima msumeno. Nilikuwa nakata ubao wa rafu. Nikausukuma msumeno, kama mkono wangu ulivyozoea, na ule ubapa mwembamba ukapinda katikati. Mzee akanishika kifundo cha mkono, hakusema neno, akauvuta msumeno kuelekea kwangu. Ubao ukakatika kama karatasi.

Msumeno wa Kijapani hukata unapovuta. Kwa kuwa ubapa wake unanyooshwa na mvuto, unaweza kuwa mwembamba sana, na mfereji unaoacha ni mwembamba vilevile. Ukiupata, fanya hivi. Weka kidole gumba kando ya mstari ili ubapa uegemee hapo. Anza na meno yaliyo karibu na mpini, vuta taratibu mara mbili tatu mpaka mfereji ushike, kisha ondoa kidole na tumia urefu wote wa ubapa. Unaporudisha, usikandamize hata kidogo. Msumeno ukiwa na meno pande zote mbili, yale madogo ni ya kukata ukikingama nyuzi za mbao, makubwa ni ya kupasua kufuata nyuzi. Randa yao nayo huvutwa.

Mkono utabisha. Wangu ulibisha wiki nzima, nikawa nakata vipande vya mbao mbovu jioni, nikivuta na kuhesabu, kabla sijagusa tena ubao wa rafu. Msumeno niliurudisha Jumamosi, nimeufuta vumbi na kuupaka mafuta kidogo kwenye meno. Mzee akaukagua kwenye mwanga, akaingia ndani, akarudi na wa pili, mkubwa zaidi.