Kukagua paa la darasa kabla ya mvua: anza na mbao, bati baadaye

Juzi nilikuwa na mwalimu mkuu mmoja wa huku Chamwino tukikagua madarasa yake, nikaona niandike tulivyofanya. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mawingu ya kwanza ndiyo huja na upepo mbaya. Kazi hii ifanyike Septemba au Oktoba, kabla mafundi hawajakwenda shamba.

1. Andaa eneo

Fanya Jumamosi, wanafunzi wasiwepo. Zima umeme kwenye meni swichi. Ngazi ishikwe na mtu mzima, siyo mwanafunzi wa darasa la saba kwa sababu eti ana nguvu. Ukipanda juu ya bati, kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndiko kuna papi, zile mbao zinazopigiliwa bati.

Kama paa ni la asbestosi, yale mashiti mazito ya kijivu ya zamani, ishia hapo. Usitoboe, usikate, usisugue. Andikia halmashauri.

2. Ingia juu ya silingi

Chukua tochi, bisibisi na barakoa. Vumbi la kinyesi cha popo lina fangasi wanaoshambulia mapafu, kwa hiyo kinyunyizie maji kabla ya kukizoa.

Tafuta njia za udongo za mchwa, hasa pale mbao inapokutana na ukuta. Usiridhike na macho: mchwa wa huku hula ndani na kuacha ganda la nje zima. Choma kila ncha ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye kiazi kilichoiva, mbao hiyo haina kazi tena.

3. Kagua kifungo cha mbao na ukuta

Hapa msiharakishe. Watu wengi wanadhani upepo hung'oa bati. Kwa madarasa mengi niliyoitwa baada ya upepo, bati lilikuwa bado limeshika mbao vizuri kabisa, ila vyote viwili vilikuwa vimelala uwanjani. Upepo huingia kupitia madirisha yasiyo na vioo, unasukuma paa kutoka chini, na wakati huohuo ule unaopita juu unalivuta. Paa hunyanyuliwa. Kwa hiyo swali la msingi ni moja: ni nini kinachoishikilia mbao isipande?

Kwenye jengo lenye lenta, yaani boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta, tafuta nondo au mkanda wa chuma uliotoka kwenye zege na kuikumbatia mbao inayolala juu ya ukuta. Ushike kwa koleo, uvute kwa nguvu. Ukicheza, haushiki kitu.

Madarasa ya zamani ya nguvu za wananchi mara nyingi hayana lenta ya juu. Utakuta waya mweusi wa kufungia nondo umepitishwa chini ya kozi (mistari) moja au mbili za tofali za kuchoma, basi. Uzito wa kozi mbili hauzuii paa, hasa kama udongo ndio uliotumika badala ya saruji. Teremka kozi sita hadi nane, toboa ukuta, pitisha mkanda wa chuma, uzungushe juu ya mbao na kuupigilia misumari pande zote mbili, kisha ziba tundu kwa saruji na ulimwagilie maji siku kadhaa. Waya mweusi mimi siutumii hata kwa dharura, unaliwa na kutu. Na funga kila kenchi. Fundi atakayekwambia "turuke moja moja tubane bajeti" mshukuru, mtafute mwingine. Ncha mbili za jengo ziangaliwe zaidi, kwani huko ndiko upepo huvuta sana.

Ukuta wenyewe ukiwa na ufa mpana, au unaopanuka mwaka hadi mwaka, usifunge chochote. Hamisha watoto, mwite mhandisi wa halmashauri.

4. Badilisha mbao mbovu

Nunua zilizotiwa dawa. Zinazotoka Mafinga zinapatikana mjini. Kila unapokata, paka dawa ile ncha mpya, la sivyo mchwa wataingilia hapo. Oili chafu siipendi: inabaki juujuu na inachochea moto.

Vipande vinavyobaki visiende jiko la uji. Dawa ya mbao hizo mara nyingi ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Mwambie mpishi mwenyewe, usimwachie mlinzi ujumbe.

5. Bati

Nunua geji 28, siyo 30 ambayo ni nyembamba zaidi. Misumari iliyolegea ing'oe, piga mipya yenye mpira pembeni kidogo ya tundu la zamani, na ulizibe lile la zamani. Kingo za paa zipate misumari ya karibukaribu.

6. Kuandika

Piga picha kabla na baada, ingiza kwenye leja ya mali, peleka kwa kamati ya shule.

7. Usafi

Pitisha sumaku uwanjani, watoto wengine huja na kandambili. Kama maji ya paa huingia kwenye simtanki, chomoa bomba la mfereji kwenye tanki kabla ya mvua ya kwanza na uyaache maji yamwagike nje hadi yatoke meupe, kwani vumbi lote la ukarabati litakuwa mle.