Mgeni amekuja na raba tu? Tafuta mifuko ya mkate

Rafiki akitua Uingereza mwezi wa Desemba na raba za Dar, usighairi matembezi ya mashambani. Avae soksi kavu, juu yake mfuko wa mkate kila mguu, kisha soksi nyingine nyembamba ya kuubana, ndipo avae raba. Maji yatalowesha kiatu na soksi ya nje, lakini ya ndani itabaki kavu, na mguu mkavu haupoi haraka. Faida yake utaiona kwenye mageti ya malisho, pale ng'ombe walipokanyagakanyaga hadi tope likawa uji. Kung'uta chembe za mkate kwanza (zinawasha balaa!), na kagua matundu: mfuko uliotoboka unageuka ndoo. Mkitembea zaidi ya masaa mawili hivi mbinu inafeli, maana jasho halina pa kutokea na soksi inalowa kwa ndani. Wala haizuii kuteleza. Kwenye vilima vya chokaa vya South Downs njia ikilowa ni sabuni tupu. Huko mwazimie buti. Na mrudi mapema, saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia.