Hita ya gesi haiwaki asubuhi ya baridi? Anza na maji

Juni imeingia. Hapa Uyole, Mbeya, ukihema asubuhi unaona mvuke, na kila ninakoitwa tatizo ni lile lile: hita ya gesi ya kuogea haiwaki. Wengi hukimbilia kubadilisha mtungi. Mtungi uwe wa mwisho. Hita hizi huamshwa na maji: yakipita kwa kasi ya kutosha yanasukuma swichi ya ndani, cheche zinapiga, valvu ya gesi inafunguka. Maji yakiwa dhaifu, hata mtungi uwe umejaa hakuna kitakachowaka.

Kwanza nusa. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini sakafuni. Tafuta panapovuja kwa povu la sabuni, na usiendelee kabla hujapaziba.

Hatua ya 1. Fungua maji ya moto mpaka mwisho, sikiliza. Ukisikia ta-ta-ta ya cheche, ruka hadi hatua ya 4. Kukiwa kimya, endelea.

Hatua ya 2. Betri. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwangua kutu kwenye vyuma vinavyozishika.

Hatua ya 3. Maji. Hapa ndipo ninapokuta kasoro nyingi, basi usiharakishe. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kwa bomba la moto. Ikichukua zaidi ya dakika 4, unapata chini ya lita 2.5 kwa dakika, na hita nyingi hazitaamka. Funga maji, fungua chujio dogo pale maji baridi yanapoingilia, lioshe. Mvua zikiisha huwa limejaa mchanga na tope. Safisha pia kichwa cha bomba la mvua. Kisha tazama tenki. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya baa 1 tu, kwa hiyo tenki lililo mita 2 juu ya hita linakupa baa 0.2, na hiyo ni ya kubahatisha. Pandisha mnara au funga pampu ndogo ya presha.

Hatua ya 4. Cheche zipo, moto hakuna. Hakikisha koki ya mtungi imefunguliwa na mpira haujajikunja. Kama mtungi umebadilishwa sasa hivi, kuna hewa ndani ya mpira: fungua na kufunga maji mara kadhaa.

Hatua ya 5. Unawaka kidogo, unazima. Mara nyingi kijiti kinachohisi moto kina masizi. Funga gesi, toa betri, acha ipoe, kisugue taratibu kwa msasa laini. Moto ukiwa wa njano, zima uite fundi. Valvu ya gesi usiifungue mwenyewe.

MASWALI

Mama wa Njombe: Shikamoo fundi. Yangu mchana inawaka vizuri, alfajiri inagoma. Natumia mtungi wa kilo 6.

Jibu: Marahaba mama. Gesi ya mtungini ni ya maji, lazima igeuke hewa kwanza, na baridi huichelewesha. Sehemu yake iitwayo butani karibu haigeuki kabisa nyuzi zikifika 0. Tena hita ya lita 10 kwa dakika ikiwaka kwa nguvu zote hula karibu kilo 1.5 kwa saa. Mtungi mdogo hauwezi kasi hiyo, ndiyo maana hupoa hadi kutoa jasho kwa nje. Hamia wa kilo 15, uuweke nje panapopata jua. Usiupashe kwa moto kamwe.

Kaka wa Kihesa, Iringa: Upepo ulikuwa unaizima, nikaihamishia ndani ya bafu. Sasa inawaka safi.

Jibu: Kaka, nakuomba usioge nayo leo. Moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, inaua mtu akiwa bado anajipaka sabuni. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Irudishe ukuta wa nje, uikinge na upepo kwa kibaraza cha bati kilicho wazi pembeni.

Kaka wa Kihesa: Nimefunga mtungi. Leo tunachemsha kwa sufuria, kesho fundi anaihamisha.

Dada wa Tukuyu: Maji yana nguvu, betri mpya, bado kimya. Imefungwa juzi.

Jibu: Shika mabomba mawili ya chini, ufuatilie lipi linatoka kwenye tenki. Yakigeuzwa, maji hupita kinyume na swichi haisukumwi.

Dada wa Tukuyu: Yamegeuzwa kweli!