Kujenga ghorofa mpya katikati ya mji bila kuangamiza majengo ya zamani

Wengi wanasubiri developa (mwekezaji anayetaka kujenga) aje na michoro mkononi ndo waanze kuulizana hili jengo lina miaka mingapi, hapo mshachelewa, mwenzenu keshakopa benki na riba inatembea, kila kikao mnachoahirisha kinamuuma mfukoni kwa hiyo mtagombana tu. Orodha ya majengo ya kale ianze kabla hajatokea mtu. Pita mtaa kwa mtaa na simu yako, piga picha, andika mwaka kama unajulikana, mwenye jengo nani, paa likoje, halafu andika NINI HASA kinalindwa. Ukiandika "jengo zuri la kale" hujamsaidia mtu, andika ngazi ya mbao, mlango wa mbele, ule mstari wa madirisha ya juu. Kisha gawa madaraja: haya hayaguswi, haya yanabadilishwa kwa masharti, haya yanaweza kuondoka. Daraja la tatu lisiwe tupu jamani, ukisema kila kitu ni urithi hakuna atakayekusikiliza.

Sasa mwenye jengo. Ukimkataza tu bila kumpa kitu hatabomoa, ataliacha. Bati mbili zinang'oka, gata linaziba majani, maji yanateremka ndani ya ukuta kila mvua ikinyesha, mpaka siku anakuja na ripoti ya injinia kwamba jengo ni hatari, na kweli ni hatari. Mfungulie njia ya kupata hela. New York walijifunza kwa machungu, stesheni ya treni ya Penn ilianza kuvunjwa 1963, sheria ya kulinda majengo ikaja 1965, halafu wenye Grand Central, stesheni nyingine ya treni, walipotaka kupandisha mnara juu ya stesheni yao mji ukakataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1978 mji ukashinda. Ila mji haukuwaacha mikono mitupu, ule urefu waliozuiwa pale waliruhusiwa kuuhamishia viwanja vya jirani, yaani hewa ya juu ya paa ikawa mali inayouzika.

Kwenye urefu msibishane kwa maneno. Simameni kona ya pili ya barabara, mwambie developa akuchoree jengo lake linavyoonekana kutokea hapo kwa macho ya mtu anayetembea, mara nyingi ghorofa za juu zikirudi nyuma kidogo ugomvi unaisha. Na hasara ya kupuuza hili sio vitisho tu, Liverpool iliondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya wa kando ya maji. (Ile ya kuacha uso wa mbele tu na kuchimba kila kitu nyuma mimi siipendi, ni kinyago, lakini kuna siku ndo kitu pekee utakachopata.)

Masharti ya kibali yaguse mpaka plasta. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, fundi akiupiga simenti unyevu unakosa pa kutokea, baada ya muda unagonga kwa kidole unasikia pako wazi ndani, plasta inaanguka vipande na mawe yake. Andika kabisa, chokaa kwa chokaa.

Halafu kibali cha kuvunja usikitoe peke yake. Kitoke pamoja na cha kujenga, na ushahidi wa hela uwe mezani, la sivyo jengo litaenda chini wiki moja na kile kiwanja kitabaki paking ya magari miaka na miaka.