Namna ya kupima mradi wa ruzuku kwenye nchi ya korosho

Nafanya kazi ya tathmini hapa Masasi, mkoani Mtwara, na miradi mingi ninayopelekwa kuipima ni ya ruzuku: vikundi vya kina mama wabanguaji, wakulima wa mwani huko pwani, vijana wa kuku. Andiko la mradi karibu kila mara linadai kipato cha wanyonge kimepanda. Ukitumwa wewe, hadidu za rejea zitakutajia vigezo sita vya tathmini vya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri), kuanzia umuhimu wa mradi hadi uendelevu wake. Vifuate, lakini huku kwetu ubishi wote uko kwenye mambo mawili: kilichopandisha kipato ni nini, na kimepanda kwa nani.

Anza na bei. Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulipofanyika, korosho ghafi zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia zilikuwa zikizunguka 2,000. Mkulima ambaye hajawahi kukanyaga semina yoyote naye alipata hela. Ukilinganisha kabla na baada peke yake, utausifia mradi kwa kazi ya soko. Tafuta kijiji jirani ambacho mradi haukufika, chenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayouza kwenye minada hiyohiyo, uwaulize watu wake maswali yaleyale. Kisha pima kilo pamoja na shilingi: mikorosho mingapi, kilo ngapi, ngapi ziliingia daraja la kwanza, salfa, yaani dawa ya ukungu wa mikorosho, ilipatikana wapi na ilipigwa lini. Uliza pia takwimu za awali zilichukuliwa mwezi gani. Zikiwa za Februari, wakati hela ya mnada imekwisha na chakula kipya bado, usizilinganishe na majibu ya Novemba.

Usikubali kuandaliwa watu wa kuhoji. Piga hodi kwa mtendaji wa kijiji, msalimie mwenyekiti, eleza kazi yako kwa heshima zote, halafu omba rejista na uchague majina kwa kura mbele yao. Ukiwaachia wao wakuchagulie, utakutana na walewale waliokutana na mfadhili.

Sasa kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa siri nje ya mnada, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Mwenye shida ya hela mwezi Julai huuza korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mzigo unapita ghalani kwa jina la aliyemkopesha. Kwa hiyo hesabu za AMCOS zinaweza kupendeza huku kaya maskini haijaona hata senti ya mnada. Kangomba imekatazwa, hivyo ukiuliza moja kwa moja utajibiwa haipo. Uliza kwa kuzunguka: "Mama, mwaka huu ada ya shule mliitoa wapi kabla ya mnada?" Subiri. Akitaja mkopo, uliza ulilipwa kwa kitu gani. Usiandike jina lake kwenye karatasi hiyo.

Kwa kina mama kuna swali lingine ambalo siliachi kamwe: malipo yakitoka, ujumbe wa benki unaingia kwenye simu ya nani? Mwanamke anaweza kupalilia, kuokota na kubeba, na uanachama ukawa wa mumewe. Kwenye vikundi vya ubanguaji, tazama mikono. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Mradi uliotoa mashine bila glavu umewapa kipato kwa gharama ambayo mfadhili haioni kwenye jedwali lake, na wewe ndiye wa kuiandika.

Watu wenye ulemavu usiwahesabu kwa kuwatazama, wala usiulize "una ulemavu?" kwa sababu wengi watakataa. Tumia maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za ulemavu, yanayouliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Anayejibu kwamba ana shida kubwa au hawezi kabisa, hata kwa jambo moja, anahesabiwa. Linganisha idadi hiyo ndani ya kikundi na nje yake.

Rasimu ikiwa tayari, irudishe kijijini kabla haijaenda kwa mfadhili, na kina mama wakae peke yao kwanza. Panga mkutano huo kabla ya upigaji wa salfa kuanza, Mei au Juni, maana baada ya hapo watu wako mashambani tangu alfajiri.