Zamu ya usiku wodini: mgonjwa alale, asianguke

Juzi nilikesha na mwanafunzi wa uuguzi, zamu yake ya kwanza ya usiku. Saa tano akaniuliza, "Dada, sasa tunafanya nini, si wamelala?" Nilimjibu kwa vipandevipande kati ya kitanda na kitanda. Hapa nayapanga. Mimi niko wodi ya wanaume, Dodoma, na wengi wao ni wazee.

Hatua ya 1. Pokea zamu kitandani, si mezani. Mgonjwa akutajie majina yake mwenyewe, ulinganishe na jalada. Namba ya kitanda si jina la mtu, vitanda vinahamishwa.

Hatua ya 2. Kitanda. Kishushe hadi mwisho, funga breki za magurudumu. Kopo la mkojo na maji vikae upande wa mkono wake wenye nguvu. Sakafu iwe kavu. Ndugu anayelala kwenye mkeka asiwe kwenye njia ya chooni.

Hatua ya 3. Soma karatasi ya dawa kabla hujapunguza taa. Hii ndiyo iliyonitesa.

Tulikuwa na mzee wa moyo, miguu imevimba. Usiku wa kwanza aliamka mara tano. Nikalaumu chai ya rangi aliyoletewa na binti yake kwenye chupa, nikaikataza jioni. Usiku wa pili yaleyale. Nikalaumu baridi, maana Dodoma ya mwezi wa sita upepo unakufuata hadi ndani ya blanketi. Nikamwongezea la pili. Usiku wa tatu nikapandisha reli zote za kitanda nikiamini nimemlinda. Saa saba nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, mkono umeng'ang'ania chandarua, goti limechubuka, ndala moja iko chini ya kitanda cha jirani. Alikuwa ameziruka reli.

Ndipo nikakaa na karatasi ya dawa. Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini, 1 x 2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Tukiona 1 x 2 mikono yetu inakwenda yenyewe saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kidonge hicho huanza kukamua mkojo ndani ya saa moja, na kazi yake huendelea saa sita hadi nane. Kwa hiyo tangu jioni mpaka usiku wa manane, sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukimtuma mzee chooni.

Zungumza na daktari dozi ya pili irudi saa nane mchana. Aandike mwenyewe kwenye jalada. Usiihamishe kimyakimya, hata kama una uhakika. Mgonjwa akibanwa pumzi usiku kwa maji kwenye mapafu, Lasix ya sindano haisubiri asubuhi: atapewa hapohapo, na wewe uwe na kopo mkononi, maana ya mshipani huanza kazi ndani ya dakika chache. Maji ya kunywa usimpunguzie bila maagizo. Akitaka kuamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, kwa sababu presha hushuka akisimama ghafla.

Reli sizipandishi zote tena kwa mzee anayechanganyikiwa. Akizipanda, anaanguka kutoka juu zaidi. Na diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, "ili atulie" siipendi kabisa kwa wazee: huamka wamelewa, miguu haiwatii.

Hatua ya 4. Kusanya kazi zako. Presha, joto, dawa, kumgeuza: ukimwamsha, malizia vyote kwa mkupuo. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90, na ukimshtua kila nusu saa hafiki mbali. Aliye mahututi hahusiki hapa, vipimo vyake vifuate ratiba. Aliyepewa mofini, dawa ya maumivu makali inayoweza kupunguza pumzi, hata akikoroma vizuri, hesabu pumzi zake dakika nzima.

Mimi natembea na tochi ndogo iliyofunikwa kitambaa. Tochi ya simu inaamsha vitanda vitatu.

Hatua ya 5. Ripoti. Usiandike "amelala vizuri" kwa kuwa tu hakukuita. Muulize. Yule mzee, dozi ilipohama, nilimpitia alfajiri nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, babu, umeamka mara ngapi?" Akainua kidole kimoja, kisha akauliza chai yake iko wapi.